Mlingoti wa Kuiwahi Mvua

Jumatatu, 23 Oktoba 2000

Siku kubwa! Leo nimekuwa mvumbuzi, na yote kwa sababu ya sukari.

Asubuhi mke wangu Ndunge alinituma dukani kwa Deeqa. Deeqa akaifunga sukari kwa ukurasa wa gazeti la ng'ambo. Nikafika nyumbani, nikamwaga sukari kwenye mkebe, macho yakaganda. Michoro ya nyaya! Gazeti la mainjinia! Ukurasa mzima wa vyombo vya umeme vya bei rahisi ambavyo injinia yeyote anaweza kuunda juu ya meza yake. Injinia yeyote. Yaani mimi.

Mchoro uliobaki ni mmoja tu, wa kengele ya mvua. Nusu ya chini imechanika. Si kitu. Nusu ya juu inamtosha mtu mwenye akili. Ya chini huwa ni maonyo tu.

Inafanya kazi hivi. Nyaya mbili zinakaa karibu bila kugusana. Tone la maji linaanguka katikati, umeme unavuka, transista inaamka, kengele inalia. Rahisi! Safi! Munguti hawezi.

Munguti ni fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, hapa hapa Kitengela. Ana cheti cha politekniki. Amekitia kwenye fremu na kukitundika kikiangalia mlango wangu badala ya wateja wake. Mimi sina cheti. Niko na kipande cha katoni kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: INJINIA WATHOME, REDIO NA KILA KITU.

Nilimweleza Ndunge. Aliendelea kuchambua maharagwe. Akauliza, kama kengele inalia mvua ikishaiangukia, si mwenye kengele pia atakuwa ashalowa? Nilicheka sana. Halafu nikaacha kucheka. Nikaenda kukaa nje juu ya debe mpaka chai ikapoa.

Jibu likaja! Mvua hutoka wapi? Juu. Basi inafika juu kabla ya kufika chini. Nikiiweka kengele kwenye ncha ya mlingoti, itapata habari za mvua kabla ya kiumbe chochote kilicho ardhini. Mlingoti ukizidi kurefuka, habari zinazidi kuwahi. Sijui kwa nini watu wa gazeti hawakuliona jambo hili. Labda liko kwenye ile nusu iliyochanika.

Jumanne, 24 Oktoba

Siku ya kuunda. Stima imeenda, mgao umeanza tena. Munguti ameshinda mlangoni akikikodolea macho chuma chake cha kulehemu cha umeme, kimepoa kabisa. Changu nakipasha kwa makaa ya jiko. Niliimba kwa sauti ili anisikie nikiwa na furaha.

Transista niliitoa kwenye redio ya mteja aliyehamia Loitokitok. Mawe ya redio, yaani betri, ni yale ya zamani, niliyaanika juu ya bati tangu asubuhi yapate nguvu. Mahali pa kupokea tone nimeweka uma mbili za Ndunge, zile za zawadi ya harusi, zimelazwa meno yakiingiliana bila kugusana. Tunakula kwa mikono miaka yote hii. Uma zimekaa juu ya kabati kama wageni ambao hawajakaribishwa chakula. Sasa zimepata kazi.

Sauti? Hapo ndipo penye akili. Ndanu, dada yake Ndunge, alituletea kadi ya Krismasi inayoimba ukiifungua. Nimetoa kile kidude kinachoimba na kuirudisha kadi mahali pake. Ni bubu, lakini picha bado inapendeza.

Lakini kidude kina sauti nyembamba kama ya mbu. Nikageuka huku na huku, nikakiona kipaza sauti cha mkono cha Pasta Lazarus, kile anachohubiria sokoni. Alikileta kitengenezwe. Ubovu wenyewe ulikuwa ni uzi mmoja umechomoka, lakini sikutaka kukirudisha upesi. Ukitengeneza kitu upesi, mteja anaona hakikuwa kigumu. Nikakigandisha kidude ndani yake.

Nikatemea uma mate. Wimbo wa Krismasi ukatoka mpaka barabarani! Mbwa wa buchani akajificha chini ya mkokoteni. Mama mmoja aliyebeba kabeji akasimama akauliza leo ni tarehe ngapi.

Munguti alivuka barabara. Nilimwonyesha, nikamtajia na mlingoti. Akatazama. Akasema vitu hivyo wao walifunzwa mwezi wa kwanza politekniki na wakavicheka. Akarudi kwake. Jiko langu halijapoa nikasikia nyundo inagonga juu ya paa lake. Mwizi!

Jumatano, 25 Oktoba

Mlingoti umesimama! Ni nguzo ya kamba ya nguo, na juu yake nimefunga bomba la maji.

Ndunge alitoka nje akatafuta nguzo yake. Akaniambia, "Baba Munyiva, nguo zangu ziko kwa miiba." Nikamwambia sayansi ina gharama. Akaniuliza mbona gharama ni nguo zake na si zangu. Munyiva ni binti yetu, yuko shule ya bweni Machakos. Ana bahati.

Mara akaja Sahal, mume wa Deeqa. Sahal hununua mbuzi sokoni na kuwapeleka Nairobi kwa lori. Ni mtu mpole mwenye ndevu za hina, na maneno huyatoa moja moja. Alisimama chini ya mlingoti muda mrefu, kichwa juu.

"Warya Wathome," akasema, "hii inajua mvua?"

Nikamwambia inaijua kuliko mama yake mzazi. Sahal akafikiria mama wa mvua ni nani. Kisha akanieleza shida yake. Kiangazi hiki nyasi zimekwisha, kila mtu anauza mbuzi kwa bei ya kutupa. Siku tone la kwanza likianguka, hakuna atakayekubali kuuza. Basi mtu akiijua mvua kabla ya wenzake, anaweza kununua soko zima wakiwa bado wanalia. Akasema nikimpa habari hiyo mapema, nitaingia kwenye boma lake nichague mbuzi nimtakaye, na atalitangazia soko kwamba Kitengela ina injinia.

Hakusema fundi. Alisema injinia! Nilishika mlingoti ili nisianguke.

Halafu akageuka akaona mlingoti wa Munguti. Ameupigilia misumari juu ya paa. Ni mrefu kuliko wangu kwa mkono mmoja. Sahal akasema, "Ya huyu iko juu zaidi." Mvua itafika kwa Munguti kwanza!

Nikaongeza mwanzi. Munguti akaongeza mti wa ufagio. Nikaongeza mwiko wa ugali. Akaongeza mguu wa kiti. Kufikia alasiri milingoti yote miwili ilikuwa imeinama kama twiga wanaokunywa maji, na watu wamejaa pande zote za barabara wakichagua upande. Mara kengele ya Munguti ikalia! Sahal akanyanyua mikono. Watu wakatazama mbinguni.

Ni kunguru. Alikuwa ametua kwenye ncha na kujisaidia. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Alhamisi, 26 Oktoba

Sikula chamcha. Nilikuwa nafikiria urefu. Bomba nimemaliza, mwiko nimemaliza. Munguti ana shemeji anayeuza mbao. Kwa mbao siwezi kumshinda.

Nikakumbuka Kona Baridi! Ile kona ya barabara ya kutoka Ngong kwenda Magadi, ambapo ardhi inakatika na bonde lote linabaki chini ya viatu vyako. Kwa nini nijenge urefu wakati urefu umeshajengwa? Nitasimika uma zangu pale. Shemeji ya Munguti hana ubao wa kufika Kona Baridi!

Nimepatana na Deeqa. Duka lake lina simu. Kengele ikilia nitateremka mpaka Kiserian, nipige simu, Deeqa amwambie Sahal, Sahal anunue. Deeqa aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimwambia hakika ninayo, ninachokosa ni koti. Akaniazima la Sahal.

Ndunge naye ana swali. Kila siku ana swali. Mvua ikinyesha Kona Baridi, nani ameiambia ije Kitengela? Nilimwambia mvua haitoki mbali hivyo bure bure. Akasema sawa, Baba Munyiva, safari njema, na nikirudi nimrudishie nguzo yake.

Ijumaa, 27 Oktoba

Kona Baridi. Naandika nikiwa nimevaa soksi mkononi. Jina la mahali hapa halikutiwa chumvi.

Nimefikia kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja anayeitwa Resiato. Nilimsalimu kwa adabu, kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo." Akaitika, "Iko." Akauliza nauza nini. Nikamwambia siuzi, natafuta mvua. Akasema hata wao. Nikiipata nisiondoke nayo yote.

Nikafunga uma kwenye nguzo ya ua wake, kipaza sauti kikaelekea bondeni. Upepo ukakigeuza. Nikakirudisha. Upepo ukakigeuza. Nikakikumbatia.

Halafu kutoka bondeni kikapanda kitu cheupe. Kikaja polepole, kikazifikia uma. Uma zikatoka jasho. WIMBO! Krismasi ikajaa Bonde la Ufa! Punda wa Resiato, waliokuwa wanapanda na mitungi ya maji, wakaitupa na kukimbia kuelekea Magadi.

Resiato akasema, "Hii si mvua. Hii ni ukungu. Inakuja asubuhi, unakunywa chai, inaenda."

Nikamfahamisha kwamba ukungu ni mvua ambayo bado haijakata shauri. Akasema yeye anazungumza juu ya punda. Nani atarudisha punda? Sikuwa na nafasi. Nilidandia lori mpaka Kiserian nikiwa na kipaza sauti kifuani, kinaimba njia nzima.

Simu ilikuwa inachemka kama mafuta ya mandazi.

"Nani?" Deeqa.

"Mimi! Injinia!"

"Injinia nani?"

"Wathome! Imenyesha! Kona Baridi imenyesha!"

"Imenyesha aje? Kidogo?"

"Imelowesha uma! Uma zote!"

Nikasikia Deeqa akimwita mumewe kwa nguvu. Simu ikakatika. Nilitoka nje kifua mbele. Jua lilikuwa kali, ukungu umeisha wote. Nikaona ni dalili nzuri. Umeshaanza safari ya kwenda Kitengela.

Jumamosi, 28 Oktoba

Nimerudi nyumbani. Nilidhani nimepotea njia.

Mbuzi! Mbuzi mlangoni, mbuzi jikoni, mbuzi juu ya debe langu la kufikiria. Sahal amenunua soko zima. Boma lake limejaa, waliobaki ameleta kwangu kwa sababu, alisema, habari ni yangu. Deeqa alimwambia nimesema mvua imelowesha umma wote. Umma! Nilitaka kumsahihisha, kisha nikaona umma inapendeza zaidi.

Lakini anga ni ya buluu kama karai jipya. Sahal anaitazama. Kisha ananitazama mimi. Kisha anaitazama tena. Nilimwambia mvua huwa inapumzika Ongata Rongai.

Mchana mbuzi mmoja mweusi mwenye pembe moja alikula katoni yangu ya jina. Alianzia upande wa kulia. Nilipofika palikuwa pamebaki INJI. Mwingine alikula ukurasa wa gazeti, ule wenye mchoro. Sasa nusu zote mbili zimepotea na siri iko kichwani mwangu peke yangu. Kwa upande mmoja ni usalama.

Munguti amekaa mlangoni kwake anakula muwa. Ameniuliza ikiwa nimeacha redio nimeanza ufugaji.

Jumapili, 29 Oktoba

Sitaki kuiandika. Naiandika.

Pasta Lazarus alipita nyumbani mapema, mimi nikiwa najificha kwa sababu ya Sahal. Akaona kipaza sauti chake mezani, akakichukua, akamshukuru Ndunge kwa kazi nzuri. Nilikuwa nimetoa uma, lakini kidude kilikuwa bado ndani, na ncha mbili za waya zimechomoza mbele, pale pale mdomo unapokaa.

Ibada ya leo ilikuwa ya kuombea mvua. Kanisa lilijaa mpaka nje. Pasta Lazarus ni mtu anayehubiri kwa mwili wote. Akianza kukemea, walio mbele hufuta nyuso kwa leso. Akaukemea ukame mara ya kwanza, salama. Akaukemea mara ya pili, akauegemea mdomo wa kile chombo, akarusha mate kwa imani.

Krismasi ikaanza.

Pasta akanyamaza. Chombo hakikunyamaza. Akakitikisa. Akakipangusa kwa tai yake, kikaongeza mwendo. Kwaya, kwa kuwa ni kwaya, ikaingia sauti ya pili. Mzee mmoja akainuka kutoa sadaka ya mwisho wa mwaka.

Ndunge aliusikiliza ule wimbo akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Aliujua. Aligeuza shingo polepole, safu kwa safu, mpaka akanipata nyuma ya nguzo.

Nyumbani alifungua kadi ya dada yake. Kimya. Akaifunga, akaifungua. Kimya. Akapanda juu ya kiti akashusha boksi la uma, akahesabu. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia.

Jumatatu, 30 Oktoba

Anga bado buluu. Mbuzi wameshakula ua, wamekula kamba, wameanza kula sabuni. Mmoja amelala chini tangu jana na hataki kuinuka. Ni yule mwenye pembe moja, aliyekula jina langu.

Sahal alikuja akakaa juu ya jiwe. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Akasema, "Injinia, mvua yako iko wapi?" kwa sauti ya mtu anayeuliza jina la ugonjwa wake. Akasema hana nyasi, hana mahali pa kuzitafuta. Ameita lori. Litakuja Jumatano liwachukue wote, waliokonda na waliokonda zaidi, kwa bei yoyote machinjioni watakayosema.

Jioni nilikwenda dukani kununua chumvi. Chumvi hakuna. Unga hakuna. Rafu zote tupu, kuna kopo moja la rangi ya viatu. Deeqa alikuwa anazipangusa tu kwa kitambaa, rafu tupu, moja baada ya nyingine. Aliuza bidhaa zote kwa jumla Ijumaa ile ile ili Sahal aongeze mbuzi. Akaniambia, "Uliniambia una hakika. Nilikuuliza mara mbili."

Nilisikia kitu kinanikaza kifuani. Nadhani ni maharagwe.

Jumanne, 31 Oktoba

Nilikuwa nalala chali nikipanga kengele ya pili itakayokubaliana na ya kwanza. Nikasikia mlingoti unaanguka. Nikatoka mbio. Ndunge! Ameufungua kamba, ameubeba begani na bomba lake na mwanzi wake, anaelekea mtoni, mbuzi wote nyuma yake kama wanafunzi.

Nilimfuata nikimsihi. Nilimwambia hicho ni chombo cha kisayansi. Akanijibu, maneno yake ya kwanza tangu Jumapili: "Hii ni nguzo yangu."

Kando ya mto kuna migunga mikubwa. Matawi ya chini yamemalizwa na mifugo ya watu zamani. Lakini kule juu kabisa, ambako hakuna fimbo ya mchungaji inayofika, maganda ya mbegu bado yananing'inia kwa mafungu, makavu na matamu. Ndunge akauinua mlingoti wangu, akauingiza katikati ya matawi, akautikisa. Maganda yakaanguka kama... sitaki kusema kama nini. Mbuzi wakaruka. Yule wa pembe moja, niliyembeba mwenyewe mabegani akinipiga teke la shavu, akanyoosha shingo akala akiwa bado amelala.

Sahal alikuja akaona. Akavua koti. Deeqa akaja na gunia. Mimi nikashika shina la mlingoti, kwa sababu Ndunge alinionyesha kwa kidole kwamba nishike.

Tukamaliza miti mifupi. Mirefu zaidi hatukuifikia. Sahal akatazama Kitengela, pale mlingoti wa Munguti unapoonekana juu ya mapaa. Akaenda mwenyewe. Akarudi na mlingoti mbele, Munguti nyuma yake akipiga kelele kwamba kuna misumari, kuna paa, kuna sheria! Kisha Munguti akaona mlingoti wake unafikia tawi ambalo wangu hauwezi. Akakunja mikono ya shati.

Tumetikisa mpaka jua likateremka, mimi na Munguti bega kwa bega. Wake ulimwaga zaidi kwa sababu ya urefu. Wangu ulimwaga vizuri zaidi. Aibu ilioje, chombo cha kuiwahi mvua kutumiwa kama kijiti cha kuangushia maembe! Nilimnong'oneza hivyo. Munguti akakubali. Ni mara ya kwanza tumekubaliana.

Jumatano, 1 Novemba

Lori lilikuja asubuhi. Dereva akafungua mlango wa nyuma. Sahal akasimama mbele ya mbuzi wake, akasema kwanza wamalize maganda ya gunia. Dereva akasema ana haraka. Sahal akasema hata mbuzi ana haki ya kumaliza chakula.

Upepo ukabadilika. Nilikuwa nimeinamia mbuzi, sikuona. Kitu kikanigonga shingoni. Nikadhani ni kunguru.

MVUA!

Si ukungu, si jasho la uma. Matone mazito ya kuchimba vumbi, kisha maji ya debe, kisha mto kutoka mbinguni. Watu walitoka vibandani wakasimama tu katikati ya barabara. Pasta Lazarus alipita akikimbia na kipaza sauti chini ya koti kisilowe, lakini kililowa, tukasikia Krismasi ikiteremka mpaka ng'ambo ya soko. Deeqa alikuwa analia na kucheka, akiweka sufuria, karai, hata lile kopo la rangi ya viatu, chini ya bati. Sahal alivua kofia akainua uso. Akasema Alhamdulillahi mara nyingi. Lori likarudi tupu, na karibu likwame.

Nilikimbia kwa kila mtu nikieleza. Kengele yangu haikukosea! Ilisema mvua inakuja, na mvua imekuja! Tofauti ni kwamba ilisema mapema sana. Hakuna chombo kingine Kenya nzima kinachosema mapema namna hiyo. Mvua ilikuwa na kelele, hawakunisikia. Niliwaeleza tena. Walinisikia, wakaingia ndani.

Halafu Sahal akaleta mbuzi wa zawadi. Mzuri, jike mweupe mwenye masikio meusi. Nikanyoosha mkono kupokea kamba. Akanipita akampa Ndunge. Kwa kazi ya miti, alisema. Na mimi akanishukuru kwa kushika nguzo.

Paa la Munguti linavuja kwa kila tundu la msumari. Nilikwenda kumtazama. Amekaa katikati ya ndoo, cheti chake kimeroa. Nilifurahi. Kisha nikamsaidia kuhamisha redio za wateja, kwa sababu nilihitaji mtu wa kumwambia kuhusu tofauti ya mapema.

Ijumaa, 3 Novemba

Bado inanyesha. Nyasi zimeanza kuchungulia. Sahal ameanza kuwapeleka mbuzi malishoni, wa pembe moja akiwa mbele. Bei sokoni imepanda, na rafu za Deeqa zina unga tena. Ndunge amenisemesha. Alisema, "Sogea."

Nimekaa nikafikiria makosa yalikuwa wapi. Mtu mwenye elimu hujikosoa. Nimepata. Kosa ni mvua. Mvua haitabiriki, huwezi kujenga biashara juu ya kitu kisicho na ratiba. Ukame ndio wa kutegemea. Ukame uko karibu kila siku!

Kwa hiyo leo asubuhi nimeunda kengele ya ukame. Inalia wakati mvua hainyeshi. Misumari miwili na transista, basi. Honi nimeitoa kwenye lori lililokufa nyuma ya gereji, na betri yake pia, maana safari hii sitaki sauti ya mbu. Kitufe cha kuzima sikuweka. Kitufe ni gharama, na uzuri wa kazi hii ni bei rahisi.

Nimeiweka mezani ndani ya nyumba, mahali pakavu, nikaunganisha. Imekubali mara moja! Imelia tangu asubuhi bila kupumzika hata kidogo. Ni uthabiti wa ajabu. Waya umepata moto, hauguseki. Ndunge amechukua mbuzi wake na blanketi ameenda kukaa kwa Deeqa. Majirani wamesimama nje kwenye mvua, wengi sana, wakinipungia mikono. Siwasikii wanachosema, ila wanaonekana wameguswa.

Munguti naye amesimama mlangoni kwake. Amejaza pamba masikioni. Wivu!